Maji ya Zamu ya Kinyozi

Jumanne, tarehe 4

Mwanangu, nisamehe kwa kimya hiki. Uliniachia daftari mezani ukaniomba niandike yote yanayotokea katika jengo hili, ili siku ukirudi usiwe mgeni kwenu. Nilikujibu kwa ukali kwamba mimi si mtu wa kukumbushwa kazi. Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari mmoja, na sina udhuru wa kutoa. Kila nilipokaa na kuchonga penseli, king'ora kililia, na nilipopanda tena juu mkono ulikuwa unatetemeka. Sipendi kuandika kwa mwandiko wa mtu anayetetemeka.

Leo mvua imeshika sawasawa. Ndege za mabomu haziji kwenye mvua. Wanaozirusha hutaka kuliona daraja, reli na kiwanda cha saruji, na wingu zito likitanda hawaoni chochote. Kwa hiyo siku hizi tunaiombea mvua na kuliogopa jua. Binti mdogo wa ghorofa ya tatu alichungulia dirishani asubuhi, akaona giza, akapiga makofi: "Kumekuwa kubaya! Tunaweza kucheza!" Hakuna mtu mzima aliyecheka.

Mkeo hajambo. Anapanda ngazi akishika ukuta, na akifika juu husema mwanao tumboni amekuwa mzito kama mawe ya kiwanda.

Jumatano, tarehe 5

Nimechaguliwa kuwa mkuu wa jengo. Yaani wenzangu walitazamana, kisha wote wakanigeukia mimi. Kazi yangu ni kusimama mlangoni pa ngazi kila king'ora kinapolia, kuhakikisha kila mtu ameteremka, na kuingia handakini wa mwisho.

Handaki letu ni ghala la chini la mwokaji mikate, yule mliyempa jina la Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Kuta zake ni nene, lakini sakafu yake si ya kuaminika: mvua ikinyesha maji hupenya kutoka chini na kupanda polepole. Nimelieleza jambo hili mbele ya wote, kwa maneno mepesi. Mvua inatukinga na ndege, na mvua hiyohiyo inatuharibia handaki. Tusipokumba maji na kuyamwaga nje siku ya mvua, siku ya jua tutayakuta. Nimepanga zamu: kila nyumba na siku yake, kwa ndoo, mpaka sakafu ionekane.

Alhamisi, tarehe 6

Kinyozi ameanza mizaha yake. Unamjua rafiki yako. Katika darasa langu alisimama kwenye kona siku nyingi kuliko alizokaa kwenye dawati.

"Mwalimu," alisema mbele ya wateja wake, wembe mkononi, "ndege haiogelei. Siku ya mvua mtu hulala kwake, halali handakini."

"Na siku ya jua?"

"Siku ya jua maji hukauka."

"Yakaukie chini ya ardhi?"

"Basi yatanywewa na Kipaza. Si ndiye anayewahi kufika?"

Wote wakaangua kicheko, na nakiri nilikaribia kucheka nami. Ni kweli. King'ora hakijamaliza mlio wa kwanza, mwokaji ameshateremka. Mtu mwenye kifua kama mlango, sauti ya kuita mtaa mzima, na hutimua mbio mbele ya watoto na wajawazito. Nimefundisha watu waoga, lakini waoga wangu walikuwa na haya.

Jumapili, tarehe 9

Mchana mbingu ilifunguka ghafla kama mtu aliyevuta pazia. King'ora. Nilisimama mahali pangu. Mwokaji alinipita kwa kasi, unga ukimpukutika mabegani, akaniacha nikikohoa.

Ndege zilipita juu yetu bila kutugusa. Ulipokuja likizo ulinifundisha kuzisikiliza: iliyobeba mzigo huguna, na iliyokwisha kuutua huimba. Zilipita zikiguna. Baada ya muda zilirudi zikiimba. Watu walikumbatiana. Mimi nilibaki nikijiuliza mzigo umetuliwa kwa nani.

Tulipotoka nilimwambia mwokaji mbele ya watu wote, "Bwana, nyuma yako walikuwapo mama mjamzito na watoto. Mwanamume hujulikana kwa nani anamtanguliza."

Nilitazamia angurume. Alifuta mikono kwenye aproni. "Nisamehe, Mwalimu," akasema, akarudi kwenye tanuri lake.

Jumatatu, tarehe 10

Mvua.

Jumanne, tarehe 11

Mvua. Ghorofa ya pili wamekumba maji vizuri, ila wameiacha ndoo ngazini.

Alhamisi, tarehe 13

Mkeo aliniuliza jioni, akikunja nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Mama, lori la unga hurudi kwetu milimani kila likileta mzigo. Dereva ni mtu wa kijijini kwetu. Siku ya wingu anabeba watu."

"Mumeo alisema tumsubiri hapa."

"Najua alivyosema. Nilikuwapo."

"Basi tunasubiri. Mtu akikuagiza mahali pa kukutana, huhami."

Alikunja tena zile nguo. Tangu ulipopelekwa kwenye uwanja wa ndege wa mstari wa mbele hatujapata barua yako, na najua anachofikiri, kwa sababu ndicho ninachofikiri mimi. Lakini neno ulilolisema pale mlangoni ndilo pekee tulilo nalo kutoka kwako, na silitupi.

Jumamosi, tarehe 15

Mvua. Ilikuwa zamu ya kinyozi. Alilala. Nilipomgongea alitoa kichwa tu: "Mwalimu, kwa radhi yako, mwezi mzima sijapata usingizi wa kueleweka. Wacha leo nilale kama tajiri."

Nimekasirika sana. Jirani wa ghorofa ya kwanza alitaka kumkumbia. Nikamkataza. Tukianza kubebeana zamu, kesho hatakuwapo wa kuishika ndoo. Nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa handaki: KILA NYUMBA MAJI YAKE. MTU ASIGUSE ZAMU YA MWENZAKE. Maji haya ni ya kinyozi, na yatamsubiri kinyozi. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jumapili, tarehe 16

Mvua. Maji yamefika vifundoni. Kinyozi anasema kesho.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua kubwa. Watu wanateremka, wanachungulia, wanasoma mlango, wanapanda. "Si zamu yangu," nimemsikia kila mmoja akisema. Nakuandikia ukweli: nilifurahi. Nilijiambia kwamba hatimaye amri inafuatwa katika jengo hili.

Jumanne, tarehe 18

Asubuhi nilisikia maji yakimwagwa uani. Nikateremka. Mwokaji alikuwa amekunja suruali, ndoo mbili mkononi, jasho na maji havitofautiki.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeona yanapanda."

"Mlango umeandikwa nini?"

Aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. "Maji hayasomi mlango, Mwalimu."

"Wewe unasoma. Weka ndoo chini."

Akaziweka. Sauti ile yote, na hakuipandisha hata kidogo. Nilimwambia kinyozi kwamba leo ndiyo mwisho, la sivyo nitamtangaza mtaani. Alinusa hewa ya mvua, akacheka: "Kesho alfajiri, Mwalimu, naapa kwa wembe wangu. Wingu hili halina haraka ya kwenda popote."

Ijumaa, tarehe 21

Sasa naweza kuandika. Mkono unatetemeka na nimeuacha utetemeke.

Jumatano ilikucha na jua. Halikutokea kidogokidogo, tulifungua madirisha tukalikuta limeshakaa. Kinyozi alikuwa ametimiza kiapo. Alikuwa handakini tangu alfajiri, peke yake, akikumba maji ya siku zote zile, na maji yalikuwa bado magotini.

King'ora kikalia. Mwokaji akanipita mbio kama kawaida yake. Watu wakaanza kuteremka, na mkeo alipofika ngazi ya mwisho alijikunja, akashika tumbo, akasema, "Mama, si sasa. Mwambie si sasa." Sikuweza kumwacha, wala sikuweza kuuacha mlango. Kinyozi akapanda kutoka chini, amelowa mpaka kiunoni.

"Nenda naye, Mwalimu. Nipe mlango. Nitahakikisha wote wameingia."

"Nawe uje upesi."

"Mimi nitabaki hapa juu."

"Shuka, wewe!"

"Nishuke nikasimame kwenye maji yangu, watoto wakinitazama? Hapana. Hapa pana kona nzuri." Akaegemea pembe ya ukuta wa ngazi, mikono nyuma, kidevu juu, kama alivyokuwa akisimama darasani. "Si wewe uliyenizoesha?"

Alikuwa akicheka. Nilimwambia hayo si mambo ya mzaha, nikateremka na mkeo. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia.

Mwanangu, kwa umri na kisha kwa cheo, king'ora kikilia sijawahi kuingia handaki lile isipokuwa wa mwisho. Kila mara niliikuta taa imewashwa, mabenchi yamepangwa, mlango wa ndani umefunguliwa, nami nikaketi mahali nilipoachiwa, wala sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyefanya hayo, kana kwamba ghala hujipanga lenyewe. Jumatano niliingia mapema. Nilimwona mwokaji katika giza, maji yakimpiga magotini, taa akiining'iniza kwa meno huku mikono yote miwili ikiburuta kreti. Alizipindua kreti majini, akalaza juu yake zile mbao ndefu anazopangia mikate, akawa anawainua watoto mmoja mmoja na kuwakalisha: "Wewe hapa. Wewe kule, shika dada yako. Msining'olee ubao, nitawaoka!" Watoto walicheka. Hayo yote aliyafanya kabla wenye magoti mabovu hawajamaliza ngazi. Ndiyo maana alikimbia. Tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alikimbia.

Mkeo naye, mwokaji alimwandalia ubao wa peke yake, akasimama majini akiushikilia kwa mikono yote miwili usiyumbe.

Kisha zikaja. Zilikuwa zinaguna, na zilikuwa chini mno. Mizinga ya darajani ilipiga, ikanyamaza. Sitakueleza mlio wenyewe, maana wewe unaishi karibu nao, na kwa kweli si mlio. Ni kifua chako kugeuka cha mtu mwingine. Maji yaliruka kutoka sakafuni yakatupiga usoni. Taa ikazimika. Mwokaji akapiga ukelele kwa sauti ile tuliyoifanyia dhihaka: "Nipo! Kila mtu ashike ubao wake! Nipo!" Aliendelea hivyo gizani bila kunyamaza, naye ndiye ukuta tuliouegemea.

Halafu tukazisikia zikiondoka. Zilikuwa zinaimba.

Katika giza lile nilikufikiria wewe, fundi wa injini za ndege, na mikono yako iliyo safi daima kwa sababu nilikufundisha kuiosha. Ndege zako nazo huenda zikiguna na kurudi zikiimba. Sikupata kulifikiri hilo kabla. Sasa silali sawasawa kwa sababu yake.

Ngazi zilikuwa zimeziba. Tulitokea kwenye tundu la kushushia magunia, mwokaji akitusukuma kutoka chini. Bomu lilianguka uani. Jengo limesimama, ila ukuta wa ngazi ulilala wote upande mmoja, upande wa kona.

Kila mtu alikuwa ameingia. Alihakikisha.

Jumamosi, tarehe 22

Mvua. Tumemzika kinyozi. Siku hizi maziko na harusi husubiri mvua.

Nilimuuliza mwokaji kwa nini hakunijibu siku ile nilipomuaibisha mbele ya watu.

"Ningesema lini, Mwalimu?" alisema. "Ukianza kusema wewe, mtu hapati hata pa kupenyeza neno."

Ndivyo alivyoniambia Kipaza. Nilicheka, kisha nikashindwa kunyamaza, na kicheko kikageuka kitu kingine. Alinipa kiti na kipande cha mkate wa moto. Hakuniambia si kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo pia.

Jumapili, tarehe 23

Nimeteremka na kitambaa kufuta maandishi ya mlangoni. Nilimkuta mke wa kinyozi ndani, amejifunga kanga kiunoni, anakumba.

"Shemeji, acha," nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwita shemeji. Labda kwa sababu mumewe alikuwa rafiki yako. "Acha, tutafanya sisi."

"Zamu yetu haijaisha, Mwalimu."

Nilichukua ndoo ya pili. Baadaye alikuja mwokaji, kisha ghorofa ya kwanza, kisha wote. Hakuna aliyeuliza ni siku ya nani. Jioni sakafu ilionekana. Mke wa kinyozi aliitazama, akafuta mikono, akapanda kwake bila kuaga.

Jumatatu, tarehe 24

Manyunyu, kisha jua dogo, kisha manyunyu. Mkunga amekuja. Uchungu wa mkeo ulikuwa wa mshtuko na umetulia, lakini mtoto ameshageuka na hatakawia sana. "Huyu asikanyage maji tena," alisema, "wala asikimbizwe ngazi." Nilimuuliza atafanyaje basi king'ora kikilia. Alifunga mkoba wake. "Hilo, Mwalimu, si la mkunga."

Jumanne, tarehe 25

Mawingu yanapungua. Wazee wa mtaa wanasema msimu unakatika. Nami, mzee mwenzao, nimeona siafu wamerudi ukutani. Mvua ikiisha, kila siku itakuwa ya ndege.

Mkeo alizungumza leo bila kukunja nguo yoyote.

"Mama, mume wangu alisema tumsubiri hapa kwa sababu alijua kuna handaki. Hakujua kuna maji."

"Angalijua, angalisema nini?"

"Hayupo wa kusema. Mimi nipo." Alishika tumbo. "Lori linaondoka kesho kutwa asubuhi kama kutakuwa na wingu. Dereva amenipa kiti cha mbele. Nyuma kuna nafasi juu ya magunia matupu. Mimi nitakwenda, mama. Sikuombi ruhusa. Nakuomba uje."

Miaka yote ya kazi yangu hakuna aliyewahi kuzungumza nami hivyo na nisimkatize. Nilimwambia nitafikiri. Alinipa mkono nimsaidie kuinuka, nikahisi mwanao anapiga teke kwenye kiganja changu, kama anayegonga mlango wa mtu anayesikia na hafungui.

Jumatano, tarehe 26

Situlii. Nimefagia chumba kisichohitaji kufagiwa. Nimeteremka kutazama handaki mara nyingi kuliko lazima, ni kavu. Nimemwendea mwokaji.

"Nikiondoka, nani atasimama mlangoni?"

"Mke wa kinyozi ameniomba mlango."

"Ameomba?"

"Amesema mumewe aliushika vizuri."

Nikauliza la pili. "Na mwanangu akija akakuta chumba kitupu?"

Hapo ndipo alipofungua mdomo kwa upana wake wote. "Mwalimu, kwani nimepewa sauti hii ya nini? Akitokeza tu mwisho wa mtaa nitamwita kutoka tanurini, na huko milimani mtanisikia!" Vikombe vilitetemeka mezani. Kisha akashusha sauti. "Mimi siondoki. Watu watakula nini? Daftari lako niachie. Nitampa mkononi."

Kwa hiyo hata visingizio vyangu vimekwisha, na bado sijui. Nikibaki, watu watasema Mwalimu ameshika zamu yake. Lakini nimeshaona zamu ikishikwa na mtu akifa. Nikienda, nitakuwa nimeipita kona ile nikaacha wengine waifagie. Mke wa kinyozi hajaniambia neno baya hata moja, na ningependa aniambie kabla sijaenda popote. Na huko lorini atakaa msichana mwenye tumbo, njia mbovu, mbali na mama yake mzazi kwa saa nyingi, bila mtu wa kumshika mkono uchungu ukirudi. Naandika upande huu, halafu naandika ule, na penseli imekuwa fupi.

Nimefunga mzigo, nikaufungua, nikaufunga. Mkeo ananitazama kutoka kitandani. Wake aliufunga mara moja tu. Jua limezama. Upande wa reli mbingu ni safi. Upande wa milima kuna wingu moja, halijanuia kuja wala kwenda, na nimekuwa nikilitazama kama mtu anayesubiri kusahihishiwa.

Daftari hili litakuwa kwa mwokaji alfajiri, iwe nimepanda lori au sikupanda, maana huko ndiko utakakofikia kwanza. Nitakapokuwa nimeamua nitakuandikia hapahapa, kabla dereva hajawasha injini. Nimekuachia mistari miwili chini ya huu, na sitaijaza kwa jambo lingine.